Maji ya hamira kwenye majani ya tungule: yanaamsha kinga ya mmea au tunalisha ukungu?

Mkulima_Kinyasini

Asalaam alaykum wanaukumbi.

Kuna habari inazunguka kwa wakulima wa mboga huku Kaskazini Unguja, na nasikia Pemba nayo imefika. Wanasema: chukua hamira ya dukani, ile ya maandazi, vijiko viwili kwenye ndoo ya lita 10, tia sukari, iache ifure usiku kucha, asubuhi piga kwenye tungule (nyanya). Sababu inayotolewa ni kwamba juu ya majani mna hamira za asili ambazo huamsha kinga ya mmea, basi ukiongeza hamira unapunguza bakajani, ugonjwa wa mabaka ya majani.

Nina klabu ya kilimo ya wanafunzi, na wazee wao ndio hao wakulima. Sitaki kuwajibu kwa kubahatisha. Hizo hamira za majani zipo kweli? Mmea unazitambuaje? Na hii ya maandazi inafanya kazi ileile au ni jina tu limefanana? Wenye ujuzi naomba mnieleze kwa kina, msinionee huruma.

Maalim_Baiolojia

Waalaykum salaam. Swali zuri sana, na jibu lake lina vyumba viwili ambavyo watu huvichanganya.

Chumba cha kwanza: hamira za majani zipo, tena nyingi. Jani si uwanja mtupu. Kwenye sentimita moja ya mraba ya jani unaweza kukuta bakteria milioni 1 hadi 10. Hamira ni chache kuliko bakteria, lakini kila seli ya hamira ni kubwa mara nyingi kuliko bakteria mmoja. Zipo za waridi kama Sporobolomyces na Rhodotorula, zipo za rangi ya maziwa zenye ute, jamaa ya Cryptococcus, na ipo Aureobasidium pullulans ambayo huanza nyeupe kisha inageuka nyeusi. Hazikutapakaa sawasawa. Ukitazama kwa hadubini utaziona zimejipanga kwenye vibonde vya mishipa ya jani na kwenye mashina ya vinyweleo, kwa sababu hapo ndipo maji hukaa na ndipo sukari kidogo ya jani huvujia. Rangi zao si urembo. Ile ya waridi ni karotenoidi, kinga yao dhidi ya jua, na ute ni akiba yao ya maji jani likikauka saa sita mchana.

Chumba cha pili: kinga ya mmea. Mmea hauna damu wala seli za kuzunguka, kila seli inajilinda pale ilipo. Juu ya utando wa seli mna vipokezi, na kila kipokezi kinanusa kipande maalumu cha mgeni. Kipokezi FLS2 kinashika kipande cha asidi amino 22 cha flajelini, protini ya mkia wa bakteria. Kipokezi CERK1 na wenzake wanashika kitini, ambayo imo kwenye ukuta wa karibu kila kuvu, na hamira ni kuvu. Kitini yenyewe ikiwa ndefu haifai kitu kwa kipokezi. Mmea unatoa kimeng'enya cha kuikatakata, na vipande vya sukari 7 au 8 ndivyo vinavyoshika barabara.

Kipande kikishika, kalsiamu inaingia ndani ya seli. Ndani ya dakika chache mmea unamwaga haidrojeni peroksaidi na ndugu zake nje ya seli, na mmwago huo unafika kilele kama robo saa hivi kisha unatulia. Stomata, vile vitundu vya kupumulia vya jani, zinafungwa ndani ya saa moja au mbili. Halafu ndiyo zinakuja homoni: asidi ya salisiliki kwa maradhi yanayokula seli ikiwa hai, kama ubwiri unga (ule unga mweupe juu ya majani), na asidi ya jasmoniki na ethileni kwa maradhi yanayoua seli kwanza ndipo yale, kama bakajani tangulia. Mara nyingi pande hizi mbili za homoni zinabanana: ukipandisha mmoja, mwingine unashuka. Shikeni neno hili, kwa sababu wengi wanadhani "kinga" ni kitu kimoja kinachopanda na kushuka kama maji ya kisima.

Sasa, mmea ukishaweza kunusa kitini, mbona hauzifukuzi hamira zake mwenyewe? Kwanza, nyingi zinakaa juu ya ngozi ya nta, hazigusi seli. Pili, hamira hai imejifunika protini zenye mannozi kwa nje, glukani (minyororo ya sukari ya ukuta wake) na kitini zimefichwa chini yake. Tatu, na hili ndilo linalonivutia zaidi, kinga haiko hapo kwa ajili ya vita tu, inapogoa pia. Mwaka 2020 maabara ya Sheng Yang He kule Marekani walionyesha jambo hili kwa Arabidopsis, kigugu kidogo cha jamaa ya kabichi. Walitumia mimea yenye kasoro nne kwa pamoja: haina FLS2, haina EFR (kipokezi kingine cha kunusa bakteria), haina CERK1, na ina hitilafu kwenye usafirishaji ndani ya seli. Unyevu wa hewa ulipokuwa juu, bakteria wa kawaida wa ndani ya jani walizidi kupita kiasi, aina zao zikabadilika, na majani yakapata manjano na kufa mabaka. Hapakuwa na ugonjwa wowote uliopandikizwa. Wenyeji walewale waliokuwa hawadhuru waligeuka wadhuru kwa sababu mwenye nyumba aliacha kuwasimamia. Mtu wa visiwani, ambako masika hewa imejaa maji, aufikirie sana utafiti huo.

Hivyo ndivyo hamira za asili zinavyoishi. Hamira ya maandazi, Saccharomyces cerevisiae, ni habari nyingine. Imezoea unga na sukari, haikuzoea jani lililokauka chini ya jua la nyuzi 6 kusini ya ikweta. Ukiipiga hai, sehemu kubwa inakufa haraka. Ikiwa kuna faida, basi faida inatoka kwenye kuta za hizo seli zilizokufa.

BiShamba_Wete

Ahsante Maalim. Mimi nataka kuikamata ile sukari kwenye ndoo, kwa sababu hapo ndipo watu wanajiharibia.

Spora ya bakajani tangulia ikitua juu ya jani inahitaji maji kwa saa kadhaa ili iote, na ikipata chakula kidogo cha kuanzia inashika kwa urahisi zaidi. Hamira za asili zinalinda jani kwa njia ya kawaida kabisa: zinamaliza ile sukari inayovuja kabla spora haijaipata. Hakuna uchawi ndani yake. Sasa wewe unakuja na sukari ya duka unamwaga jani zima. Umeondoa ushindani wote. Umeipa spora futari. Kisha wanakuja ukungu wa masizi, jani linakuwa jeusi kama sufuria, na wanakuja chungu. Hamira inayofura usiku kucha haimalizi sukari yote ikiwa mtu ametia kikombe kizima.

La pili, bomba. Kuna wanaofunga mchanganyiko unaofura ndani ya bomba la mgongoni na kuliacha juani. Gesi inajaa, mfuniko unaruka, maji yanamrukia mtu usoni. Na mabonge ya hamira yanaziba pua ya bomba, matone yanakuwa makubwa, yanadondoka chini badala ya kukaa juu ya jani.

La tatu, mtu anapiga hamira Jumatatu, Alkhamisi anapiga dawa ya ukungu, mancozeb au kopa, halafu anasema hamira haifai, au anasema inafaa. Hawezi kujua chochote. Dawa hizo za kugusa haziulizi jina la ukungu, zinaua kuvu wa kila namna, na hamira za waridi za majani ni miongoni mwa wanaoshuka haraka. Sisemi mtu asipige dawa, mvua za masika zikishika bila dawa tungule haziponi. Nasema tu asipige kila wiki bila kuangalia jani. Kila ukipiga unawafyeka na walinzi, na wa kwanza kurudi kwenye jani tupu anaweza kuwa ni ugonjwa.

Mkulima_Kinyasini

Nimeelewa, Bi Shamba, na Maalim Mungu akuzidishie. Sukari nitaikataza kuanzia leo.

Mambo mawili. Maalim umesema hamira za waridi. Je, wanafunzi wanaweza kuziona bila ya maabara kubwa? Tuna sufuria ya presha, visahani vya petri vya plastiki na hadubini moja. La pili, je, kuna ushahidi kwamba hamira za majani kweli zinamsaidia mmea, au ni zile "tunadhani"?

Mwanamaabara_Chake

Hili la kuziona ni kazi ya wiki moja na linafurahisha wanafunzi kuliko chochote. Msianze kwa kusaga majani. Anzeni kwa njia ya kudondosha spora.

Sporobolomyces ina tabia ya ajabu: inakuza spora kwenye kikonyo chembamba, tone dogo la maji linajikusanya kwenye kitako cha spora, linapogusana na utando wa maji ulio ubavuni mwa spora linajivuta ghafla, na mvuto huo unairusha spora hewani. Inakwenda sehemu ya milimita tu, lakini ikishatoka kwenye jani inaanguka. Basi sisi tunatega chini yake.

Rojo la kuoteshea: viazi mviringo gramu 200 vilivyomenywa na kukatwa vidogo, chemsha kwa maji nusu lita dakika 30, chuja kwa kitambaa cha kuchujia tui, tia sukari gramu 20 na agari (kigandishi kitokacho kwenye mwani) gramu 15, jaza maji hadi lita 1. Pika ndani ya sufuria ya presha. Maabara wanatumia nyuzi 121 kwa dakika 15, lakini sufuria ya nyumbani mara nyingi haifiki hapo, kwa hiyo hesabu dakika 30 tangu ianze kupiga mluzi. Chupa isijae zaidi ya nusu, na kizibo kiwe kimelegea, la sivyo itafurika au kupasuka.

Bakteria watakusumbua kuliko wote. Wazuie kwa asidi: rojo likipoa kiasi cha kuweza kushika chupa kwa mkono, kama nyuzi 50, tia maji ya ndimu yaliyochujwa na kuchemshwa, kidogo kidogo, mpaka karatasi ya pH ionyeshe 4. Ndimu isitiwe kabla ya kupika hata kidogo. Agari ikichemka pamoja na asidi inakatika na rojo haligandi tena, utabaki na uji.

Mimina kimo cha nusu sentimita kila kisahani, acha kigande. Chuma majani yaliyokomaa, ya chini ya mti au ya kati, si machipukizi. Majani machanga yana wakaazi wachache. Yatie kwenye mfuko wa karatasi, usiyatie ya plastiki kwa sababu yatatoa jasho na bakteria watazaliana njiani. Fanya kazi siku hiyohiyo.

Kata duara la kipenyo cha sentimita 1 kwa ncha ya bomba la chuma iliyopitishwa kwenye moto na kupoa. Pakaza vaselini punje tu upande wa ndani wa mfuniko, bandika maduara 6, upande wa chini wa jani uangalie rojo. Funga. Kisahani kikae vilevile, rojo chini, mfuniko juu, usiku mmoja. Kesho yake toa maduara au badilisha mfuniko, na sasa geuza kisahani juu chini ili matone yasidondokee rojo. Subiri siku 3 hadi 5.

Utaona nukta za waridi, laini, zinang'aa kama rangi ya kucha, zimekusanyika mahali hasa lilipokuwa duara. Mara nyingine zinachora mshipa wa jani wenyewe, kama picha ya jani kwenye kioo. Hesabu nukta kwa kila duara. Duara la sentimita 1 lina eneo la sentimita za mraba 0.79. Zenye manyoya meupe, kijani au nyeusi ni ukungu wa hewani, usizihesabu. Njia hii iliwahi kutumika Ulaya kupima usafi wa hewa, kwa sababu hamira hizi hazivumilii moshi wenye salfa dioksaidi, kwa hiyo jani la pembeni mwa barabara kubwa na jani la shambani linganisheni, mtapata somo la pili bure.

Joto liangalieni. Nyingi katika hamira za waridi hazipendi zaidi ya nyuzi 28 hivi, na chumba cha bati saa nane mchana kinapita hapo. Wekeni visahani ndani ya boksi pembeni ya mtungi wa maji, funikeni kwa kitambaa kibichi. Mkizikosa kabisa, kabla ya kusema hazipo, angalieni kwanza joto.

Hii inanasa zinazorusha spora tu. Kwa zile za ute na Aureobasidium lazima uoshe. Gramu 10 za majani ndani ya mililita 90 za maji yaliyochemshwa na kupoa, pamoja na tone moja la sabuni ya maji, tikisa dakika 10. Hapo umepunguza mara 10. Chukua mililita 1 tia kwenye mililita 9, hapo ni mara 100, tena hivyo mara 1,000. Paka mililita 0.1 kwenye rojo. Tuseme kisahani cha mara 100 kimeotesha makundi 47: 47 gawa kwa 0.1 ni 470, zidisha 100, unapata 47,000 kwa gramu moja ya jani. Kisahani chenye makundi chini ya 30 au zaidi ya 300 kiache, hesabu yake haiaminiki.

Visahani vikishaota visifunguliwe darasani. Vikimaliza kazi, vitumbukize kwenye maji yenye jiki nusu saa ndipo vitupwe.

Maalim_Baiolojia

Naongeza mawili kwa Mwanamaabara, maana najua watu wa Pemba watakimbilia jani la mkarafuu. Jani la mkarafuu lina vifuko vya mafuta, na mafuta hayo kwa sehemu kubwa ni eujenoli, ambayo ni sumu kwa kuvu na bakteria. Ndiyo harufu ileile inayotoka kwenye mtambo wa mafuta ya makonyo pale Wawi, Pemba. Ukikata duara unavipasua vile vifuko, mvuke unajaa ndani ya kisahani kilichofungwa, spora zinaanguka na hazioti. Utaandika "mkarafuu hauna hamira" na utakuwa umepima mvuke. Kwa mkarafuu bandika jani zima dogo lisilokatwa, na kikonyo kizibe kwa vaselini.

La pili, agari. Nimeshaona mtu anapendekeza mwani wa Paje au wa Kaskazini Pemba badala ya agari ya kununua. Mwani wetu, spinosum na cottonii, unatoa karajenani. Agari hutoka kwenye mwani wa aina nyingine, Gracilaria na Gelidium. Karajenani ya cottonii inaganda vizuri ikipata potasiamu, lakini inalegea mapema kwa joto na haivumilii asidi, na sisi tunataka pH 4. Nunueni agari. Mwani una heshima yake kwingine: karajenani zenyewe ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha kinga ya mmea, hilo limeonyeshwa kwenye tumbaku.

Sasa swali la ushahidi. Upo, lakini kila kiumbe kinasaidia kwa njia yake, na hapo ndipo maneno ya mitaani yanapokosea.

Kuna hamira iitwayo Moesziomyces, jamaa ya kuvu wa fugwe la mahindi, inayoishi juu ya Arabidopsis. Mwaka 2021 ilionyeshwa kwamba inamzuia Albugo, kijidudu cha ugonjwa wa kutu nyeupe, kwa kutoa kimeng'enya jamaa ya lisozimu. Inampiga moja kwa moja, haipitii kwenye kinga ya mmea. Metschnikowia pulcherrima inafunga madini ya chuma kwa rangi yake nyekundu iliyoiva, wengine wanakosa chuma wanadumaa. Aureobasidium inashindania sukari na nafasi kwenye ua, na aina zake mbili zinauzwa Ulaya kwa ajili ya maradhi ya matufaha. Pseudozyma aphidis ndiyo inayokaribia maneno ya wakulima wetu: pamoja na kumpiga adui mwenyewe, inaamsha ulinzi wa mmea dhidi ya ukungu wa kijivu, na tungule ni miongoni mwa mimea iliyojaribiwa. Huko Helsinki nako wamezitenga hamira za majani ya Arabidopsis, na baadhi yake hutengeneza kemikali za jamaa ya oksini, homoni ya ukuaji ya mmea wenyewe. Hamira inazungumza na mwenyeji wake kwa lugha yake.

Bakteria nao hawafanani. Mwaka 2011 maabara ya Julia Vorholt kule Zurich walionyesha kwamba Sphingomonas anamlinda Arabidopsis dhidi ya Pseudomonas syringae, bakteria wa maradhi ya majani, wakati Methylobacterium, ambaye naye ni mkaazi mkubwa wa majani na ni wa waridi pia, hakumlinda. Ndiyo maana neno "vijidudu vizuri" halitoshi. Lazima useme ni nani, na anamzuia nani.

Hamira ya maandazi, iliyokufa, nayo ina pake. Ukuta wake kwa uzito kavu zaidi ya nusu ni glukani, sehemu kubwa iliyobaki ni protini zenye mannozi, na kitini ni kama asilimia 1 au 2 tu. Umoja wa Ulaya uliidhinisha mwaka 2015 dawa inayotokana na kuta za Saccharomyces cerevisiae, inaitwa serevisani, kwa kazi hiihii ya kuamsha kinga. Kwa hiyo wakulima hawakuota ndoto. Wamekosea njia ya kuitayarisha.

Mkulima_Kinyasini

Basi itayarishwe vipi? Na tujaribu vipi shambani ili nisije nikamdanganya mzee wa mtu?

BiShamba_Wete

Tunataka seli zilizokufa na kupasuka, ili glukani na kitini zilizofichwa chini zitoke. Kuchemsha tu kunaziua lakini nyingi zinabaki zima. Ziache zijile zenyewe kwanza.

Chukua chupa ya chai ya lita 1. Changanya kopo moja la maji yanayotokota na makopo mawili ya maji ya kawaida, utapata kama nyuzi 50. Tia hamira kavu gramu 20, koroga mpaka mabonge yaishe, mimina ndani ya chupa, mfuniko usikazwe saa mbili za mwanzo. Acha saa 24. Kwenye joto hilo hamira haifuri, inakufa na vimeng'enya vyake vinaanza kuvunja seli kutoka ndani. Ukifungua utasikia harufu ya supu, si ya pombe. Ikinuka pombe au siki, maji yalikuwa ya baridi, imefura, anza upya. Kisha chemsha dakika 20, kuua kila kilichobaki. Glukani na kitini haziharibiki kwa kuchemka. Chuja kwa kitambaa, jaza maji hadi lita 10. Hiyo ni gramu 2 kwa lita, dozi ya kujaribia. Tia matone 3 ya sabuni ya maji kwa kila lita, yasizidi, sabuni nyingi inayeyusha nta ya jani. Chumvi usitie, ingawa viwandani wanatia. Jani litaungua. Itumie siku ileile, kesho yake tayari itakuwa chakula cha bakteria.

Piga saa 12 hadi saa 2 asubuhi, upande wa chini wa majani zaidi, ndiko kwenye stomata nyingi na kwa wakati huo ziko wazi. Jioni acha: jani litalala na maji usiku mzima, na bakajani inataka hivyohivyo. Piga kabla ya maradhi, siku 2 au 3 kabla ya mvua zinazotarajiwa, kwa sababu mmea unahitaji muda kujiandaa. Jani lenye mabaka tayari haliponi kwa kuamshwa. Rudia baada ya siku 7 hadi 10, usipige kila baada ya siku mbili. Kinga inakula chakula kilekile ambacho kingekuwa tunda, na mche unaoamshwa kila siku unadumaa.

Jaribio: matibabu manne. Maji na sabuni tupu. Hamira iliyokufa. Hamira hai na sukari kama wanavyofanya sasa. Dawa ya kawaida ya mkulima kwa kipimo cha lebo. Gawa shamba vitalu vinne kufuata mteremko, kila kitalu kiwe na vijishamba vinne vya miche 10, na nani apate nini ndani ya kitalu ipigwe kura kwa vikaratasi. Jumla miche 160. Bila kura, kijishamba cha karibu na kisima kitapata matibabu unayoyapenda na utajidanganya bila kukusudia. Wakati wa kupiga, shikeni karatasi ya nailoni katikati ya vijishamba, upepo wa kusi hauna adabu. Bomba likiwa moja, anzeni na maji tupu na kumalizia na dawa, na lioshwe mara tatu.

Pimeni miche 6 ya katikati tu. Kila wiki, jani la tatu na la tano kutoka chini, alama 0 hadi 5: 0 hakuna, 1 mpaka asilimia 5 ya jani, 2 mpaka 25, 3 mpaka 50, 4 mpaka 75, 5 zaidi ya hapo. Anayepima asijue kijishamba kimepata nini. Na pimeni urefu wa mche na uzito wa tungule zilizochumwa, maana jani safi lenye matunda machache si faida kwa mkulima.

Shamba_la_Matango

Samahani kuingilia. Mimi maradhi yangu ni ubwiri unga kwenye matango, si bakajani. Hii hamira iliyokufa nitarajie matokeo yaleyale?

Maalim_Baiolojia

Karibu, hujaingilia. Usihamishe matokeo ya tungule kwenda kwenye tango. Ubwiri unga unakula seli hai, kwa hiyo kinachouzuia zaidi ni upande wa asidi ya salisiliki. Bakajani tangulia inaua seli kwanza, na huko jasmoniki na ethileni ndizo zenye uzito. Kitu kimoja kinaweza kukusaidia kwa hili na kukulegeza kwa lile. Fanya jaribio lako mwenyewe kwa mpango huohuo wa Bi Shamba.

Wewe una bahati moja: ubwiri unga unaishi juu ya jani kabisa, kwa hiyo hamira zinazoushambulia moja kwa moja zinaufikia bila ya kuisubiri kinga. Pseudozyma flocculosa inajulikana kwa kazi hiyo, nyuzi za ubwiri zinanyauka siku chache baada ya kuguswa nayo. Inataka unyevu mkubwa, na huo visiwani tunao. Tazama majani yako ya chini kwa kioo cha kukuzia: unga ukiwa umebadilika kutoka mweupe kuwa wa kijivu uliolala, uliokatika katikati wakati pembeni bado mweupe, kuna kitu kinaula. Jani hilo usilipige dawa. Likate, litie kwenye mfuko wa karatasi, umpelekee Mwanamaabara.

Mwanamaabara_Chake

Lije na majani mawili ya jirani yake yasiyo na unga, na andika juu ya mfuko tarehe ya mwisho uliyopiga dawa na jina la dawa. Bila hivyo sitajua nikikosa hamira ni kwa sababu hazikuwepo au zimeuliwa.